Kichupa cha Wifi

Wifi yangu hakuwahi kukosa kliniki hata siku moja. Mimba tano, kadi tano, mihuri imejaa mpaka pembeni, na kadi zote amezihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kabati la chumba chake cha ushonaji, chini ya zipu na karatasi za michoro. Mteja akiingia na tumbo, kabla hajasema anataka gauni la mtindo gani, anaulizwa, "Kliniki umeanza?" Akisema bado, hapimwi. Nimeona kwa macho yangu mke wa mtu mzito akirudishwa mlangoni na kitambaa chake cha bei mbaya mkononi, ameambiwa akaanze kliniki kwanza.

Watu wanamsifu kwa hilo, na hawakosei. Ila wanajua nusu ya habari. Nusu nyingine naijua mimi, maana ilipita mwilini mwangu, na nimechoka kusikia ile nusu ya kwanza ikisimuliwa peke yake.

Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mfupi, mwepesi wa miguu, tepu ya kupimia haimtoki shingoni, na mdomoni ana pini muda wote, kwa hiyo ukitaka kujua kama amekasirika usimsikilize maneno, tazama zile pini. Ndiye aliyemlea mume wangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha kwa cherehani ya miguu, akamtafutia ufundi wa kuchomelea mageti. Mume wake mwenyewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, tunamwona kwa nadra kama mgeni. Basi nyumba zote mbili, yake na yetu, mwenye kauli ni yeye. Mimi ni wifi yake na pia ni mfanyakazi wake. Nashona vifungo, natoboa matundu ya vifungo, napiga pindo. Ukimkosea nyumbani, unakutana naye kazini.

Ana daftari moja kubwa la jalada gumu. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, mpaka kifundo cha mkono kwa wale wanaopenda mikono ya kufunga. Mtu akija tena anapimwa upya na kipimo kipya kinaandikwa chini ya kile cha zamani, pamoja na tarehe. Kufuta ni marufuku. Siku za mwanzo niliwahi kuchukua kifutio nikasahihisha kiuno cha mteja, nikapigiwa kelele mpaka majirani wakachungulia. "Ukikosea piga mstari mmoja, andika pembeni! Ukifuta tutajuaje tulikosea wapi?"

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na mimba sote wawili. Yake ya tano, yangu ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa. Sitaki kueleza sana miaka sita ile ilivyokuwa. Aliyewahi kuulizwa "vipi, bado?" kila anapotoka nje kununua chumvi ananielewa. Nilimtaka mtoto yule mpaka nikawa naogopa kumtaja.

Wifi akanishika mkono tangu mimba ilipofika mwezi wa tatu. Alinifundisha kuhudhuria kliniki kama anavyomfundisha mtu cherehani, hatua kwa hatua. Fika kabla geti halijafunguliwa. Tia kadi kwenye boksi kwanza, salamu baadaye. Kaa benchi la karibu na mlango wa mizani. Vaa kandambili, viatu vya kamba vinakuchelewesha. Na usinywe maji asubuhi, tena upite chooni kabla hujatoka nyumbani, maana ukienda chooni kule unaitwa hupo, na ukirudi uko mkiani.

Hayo yote aliyajua. Asichojua ni kwa nini tunapimwa tunavyopimwa. Kila kliniki inapoanza, nesi husimama mbele na picha zake akafundisha nusu saa: dalili za hatari, kuvimba, kutokwa damu, kichwa, macho. Nusu saa hiyo wifi aliitumia kupiga pindo. Alikuwa anakuja na mfuko wa nguo. "Hayo ni ya wanaoanza," alininong'oneza mara ya kwanza, "mimi nimezaa wanne, anifundishe nini?" Akanipa na mimi shati nishone vifungo. Ningemkatalia vipi? Nikainamisha kichwa nikashona, na sauti ya nesi ikapita juu ya vichwa vyetu.

Jumanne ile tulikwenda pamoja. Mimba yangu ilikuwa na wiki thelathini na tatu. Kwenye chumba cha ushonaji tulikuwa na oda ya sare mia tatu za shule moja iliyokuwa karibu kufungua, na wifi alitaka kabla ya saa sita tuwe tumerudi kwenye mashine. Nesi, yule mwenye miwani minene ambaye wote tunamheshimu kwa ukali wake, akatupa vichupa viwili vyenye plasta iliyoandikwa namba. Wifi kumi na nne, mimi kumi na tano.

Nikaingia chooni. Nikachuchumaa. Hakuna kitu. Nimetoka nyumbani nimejikamua kama nilivyoagizwa, maji sijanywa, na mwili wenyewe, sasa najua, ulikuwa umeanza kuyazuia maji. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Yalitoka matone matatu.

"Wifi!" Alikuwa nje ya mlango. "Unakojoa au unachimba kisima?"

"Imegoma."

"Imegoma nini? Wanaita namba kumi tayari."

"Haitoki, wifi. Ngoja nikanywe maji kwanza."

"Ukanywe maji, usubiri, ushuke, tutoke hapa saa nane? Na zile sare nazishona na nani? Hebu lete hicho kichupa." Akasukuma mlango, akakichukua, akamimina nusu ya chake ndani ya changu. "Haya. Kwani wanatafuta nini humu? Wanaangalia kama una mimba. Tumbo hilo hata asiyeona atalipapasa."

Nikacheka. Nasema hivi ili msije mkambebesha peke yake. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, kisha nikakibeba kichupa namba kumi na tano kwa mkono wangu mwenyewe nikakikabidhi dirishani.

Nilipofika kwa nesi wa miwani alinivalisha ile mashine ya presha mkononi, akatazama, akapuliza tena.

"Umetembea haraka?"

"Kidogo, Sista."

"Kichwa kinauma?"

Kilikuwa kinauma tangu juzi yake. Lakini mlangoni wifi alikuwa amesimama na mfuko wake begani, ananionyesha saa kwa macho. "Kidogo tu," nikasema. "Ni sindano hizi, nashona vifungo mchana kutwa."

Akavuta kadi yangu, akatazama majibu ya maabara. Kwenye mstari wa mkojo paliandikwa neno moja: safi. Akashusha pumzi. "Presha yako imepanda kidogo. Mkojo ungekuwa na protini leo nisingekuachia utoke hapa. Lakini uko safi, hilo linanipa moyo. Pumzika, urudi Jumanne ijayo tupime tena. Kichwa kikizidi, ukiona nyota machoni, ukiumwa hapa chini ya mbavu, njoo siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Katika yote yale nililosikia ni safi. Hata sikujiuliza safi ni ya nani.

Nyumbani wifi ndiye aliyemwonyesha mume wangu kadi, akigonga neno lile kwa kidole. "Unaona? Safi. Mkeo yuko mikononi mwangu, wewe choma mageti yako." Mume wangu akaitundika kadi ukutani juu ya kitanda.

Jumatano nikaumwa kichwa. Alhamisi nikaumwa zaidi. Ijumaa tundu la sindano likawa mawili, nikawa nalenga lisilokuwepo, nikafikiri basi, macho yamechoka, nikijifungua nitatafuta miwani. Kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni nikishona kiligoma kuingia. Uso ulijaa. Mteja mmoja akanisifu kwamba mimba imenikubali, nimenawiri, na mume wangu jioni akaniambia hivyo hivyo. Mwanamke gani anakataa kuambiwa amenawiri? Nikanyamaza na kichwa changu.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kazini sote wawili, sare zimejaa mpaka kwenye viti. Nilikuwa nimevaa gauni alilonishonea wifi wiki tatu nyuma, la mikono mirefu yenye kifungo pale kwenye kifundo. Tangu nilipoamka nilihangaika na vile vifungo. Cha kulia kilifunga kwa taabu. Nilipoinua mkono kuchukua mkasi, kikaruka, kikagonga kioo.

Wifi akaokota kifungo, akakitazama, akanitazama. Nguo aliyoshona yeye haifumuki hovyo, na aliona kama ametukanwa. "Umekula nini wewe?" akasema kwa pini zake. "Njoo hapa."

Akafungua daftari kwenye ukurasa wangu. Akazungusha tepu kwenye kifundo cha mkono. Akazungusha tena. Akachukua mkono wa pili. Kisha akapanda juu ya kiwiko, akapima pale penye nyama, akarudi kwenye daftari, akarudi kwangu. Mimi nilikuwa najisikia vibaya, nimeshika meza, lakini niliona zile pini zimeacha kucheza.

Akazitoa mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto cha pini. Sijawahi kumwona akizitoa zote katikati ya kazi.

"Inchi sita na robo," akasema. "Wiki tatu zilizopita. Leo saba na nusu."

"Si nimenenepa?"

"Huku juu hujanenepa hata uzi. Wifi, mimi napima watu mwaka wa ishirini na mbili. Mtu akinenepa ananenepa hapa, na hapa, na hapa." Alikuwa ananigusa kwa kidole kama anayemweleza mwanafunzi. "Kifundo ni cha mwisho. Kifundo hakiongezeki inchi na robo peke yake." Akachuchumaa, akabonyeza mguu wangu kwa dole gumba, juu kidogo ya fundo, akaliondoa. Lile shimo likabaki. Tukalitazama wote wawili likikataa kujaa. "Haya ni maji," akasema taratibu. "Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Tangu kabla ya kliniki."

"Na macho?"

"Naona vitu vinameremeta pembeni. Kama cheche za mashine ya mume wangu."

Alibaki amechuchumaa pale. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, na kitu hicho hakikuwa inchi. Kisha akasimama akazima pasi, na ile pasi yake huwa haizimwi mpaka saa ya kufunga.

Mume wangu anafanya kazi uwanja wa pili. Alipoitwa alikuja na miwani yake myeusi ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, mikono imejaa masizi. "Kuna nini? Si Jumanne tu mmetoka kliniki? Kadi inasema safi. Dada, si wewe mwenyewe uliyenionyesha?"

Wifi, mwanamke asiyeshindwa neno, aliyewahi kumnyamazisha mwenye nyumba mbele ya wapangaji wote, alitafuta pa kuweka macho. Akaniangalia mimi. Na mimi nikatazama chini. Unaanzaje kumwambia mume wako kwamba safi ile aliyoitundika juu ya kitanda ni ya dada yake?

"Tafuta gari," wifi akasema mwishoni.

Kwenye kituo cha afya siku ya Jumamosi hakuna kliniki. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa wa kawaida, homa na vidonda, na kutoka chumba cha kujifungulia ilisikika sauti ya mwanamke anayesukuma. Nesi wa miwani alikuwa zamu peke yake, yuko ndani na yule mzazi. Nje, dirishani, alikuwepo karani tu. Akachukua kadi yangu, akaisoma juu hadi chini.

"Juzi tu mmepimwa. Mkojo safi, na tarehe ya kurudi ni Jumanne. Kuvimba miguu mwezi wa nane ni kawaida, mama. Nesi ana mtu anazaa, na hawa wote wanamsubiri. Kama mnaweza, mkapumzike, mje Jumanne."

Mume wangu akashusha mabega, jinsi mtu anavyoshusha mzigo. "Umesikia?" akaniambia kwa upole. "Twende ukalale. Mmenirusha roho bure."

Tukageuka. Nilitaka kulala. Nilitaka sana kumwamini yule karani, na kichwa kilikuwa kinagonga kiasi kwamba kila hatua niliihisi kwenye meno. Mume wangu amenishika mkono wa kulia, wifi wa kushoto. Tukalipita benchi. Tukaipita mizani. Tukafika getini, gari likiwa bado linatungoja, na mkono wa kushoto ukaniachia.

Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama palepale, tepu shingoni, ameshika tumbo lake mwenyewe. Pale kwenye benchi walikuwepo wanawake aliowashonea nguo za sherehe, aliowagombeza, aliowakatalia kupimwa mpaka waanze kliniki. Na kando yangu alikuwepo mdogo wake, mtu pekee duniani ambaye hajawahi kumwona akikosea. Nilijua anachofikiri kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Tukipanda gari hili, hakuna atakayejua.

Akazunguka akarudi. Hakwenda dirishani. Alipita moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha kujifungulia akaugonga kwa kiganja, karani akapiga kelele, yeye akaendelea kugonga. Nesi wa miwani akafungua akiwa na glovu, jasho limemlowesha.

"Una wazimu? Nina mtu humu!"

"Sista, ule mkojo wa Jumanne. Namba kumi na tano." Sauti yake ilisikika mpaka getini, maana hana sauti ndogo. "Si wake. Ni wangu. Ulimgomea chooni nikamgawia wangu. Wa kwake haujapimwa."

Mtu mmoja pale benchini akacheka, cheko fupi la puani, na nikahisi mkono wa mume wangu ukikaza juu ya wangu mpaka ukauma.

Nesi hakucheka wala hakumgombeza. Alitazama juu ya bega la wifi akaniona pale getini, na nadhani uso wangu ulimweleza mengine. Akavua glovu. "Mleteni. Asitembee. Mbebeni!"

Mume wangu akanibeba. Mashine ya presha ilipobana mkono niliona kioo cha miwani ya nesi kikiinama, kikainuka, na hakunitajia namba. "Macho? Hapa chini ya mbavu panauma?" Panauma, Sista. "Tangu lini?" Tangu asubuhi, nilifikiri ni mtoto anapiga teke. Akanipa kichupa. Safari hii nilijikamua mpaka machozi yakanitoka, ukapatikana mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Akachovya kile kijiti chake. Karatasi ya njano ikageuka kijani iliyokolea, mbele ya macho yetu wote, upesi kuliko nilivyotegemea.

"Protini hii ilikuwepo Jumanne," akasema nesi. Hakumwambia mtu yeyote hasa. "Ningeiona Jumanne."

Nilichomwa sindano mbili za makalio, za kuzuia kifafa cha mimba, na joto likanipanda mwili mzima kama nimefunguliwa bomba la maji ya moto ndani. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu hospitali kubwa, likasemekana litafika baada ya dakika arobaini. Yule mzazi wa chumba cha pili akapiga ukelele. Nesi akamshika wifi mabega.

"Mimi nina watu wawili na mikono miwili. Wewe kaa hapa. Mlaze hivi hivi ubavu wa kushoto. Hesabu pumzi zake. Akianza kutetemeka, nipigie kelele, mshike asianguke, na usimtie kitu chochote mdomoni. Si kijiko, si kitambaa. Umeelewa kwa nini?"

"Hapana, Sista," akasema wifi. "Nieleze."

Nesi akamweleza, kwa sentensi tatu, akakimbia. Nilimsikia wifi akizirudia peke yake kwa sauti ya chini.

Tukabaki watatu. Mume wangu alikuwa amesimama ukutani. "Dada," akasema. "Ulifanya nini?"

"Nilifanya ujinga."

"Miaka sita, dada. Miaka sita tunamngoja huyu mtoto."

"Najua. Usinisemeshe, nitapoteza hesabu."

Akaendelea kuhesabu. Niliona midomo yake ikienda bila pini, na zile cheche zikazidi pembeni mwa macho yangu, zikajaa katikati. Nakumbuka nikisema, "Wifi, taa imekuwa kali." Nakumbuka akiita. Baada ya hapo sina changu. Ninayoyajua nimesimuliwa: kwamba nilikakamaa, kwamba alinishika kichwa mapajani na kupiga kelele huku mikono yake imetulia, kwamba kijiko kilikuwa mezani na jirani mmoja wa benchi alikuja mbio akitaka kunitia mdomoni, na wifi akampiga kikumbo kwa tumbo lake la miezi sita mpaka akaangukia mlangoni.

Nilizinduka nikiwa hospitali kubwa, siku ya pili, tumbo halipo. Niliweka mkono pale nikakuta bandeji. Sikuthubutu kuuliza. Mume wangu alikuwa amekaa, macho mekundu. "Yupo," akasema upesi. "Yupo. Wa kike. Kilo moja na gramu mia nane. Yuko chumba cha joto cha watoto njiti." Tukalia wote wawili, bila aibu.

Daktari alinieleza baadaye, akiwa amesimama miguuni mwa kitanda. Kama dada yule angenyamaza pale getini, alisema, Jumanne isingekukuta hai.

Nilimkasirikia wifi, sitawadanganya. Nilikuwa nimelala pale natazama dari, na niliposikia viatu vyake nilifumba macho. Mume wangu naye alimsalimia kwa kichwa tu. Wodi nzima ilikuwa imeshapata habari, na wanawake walinong'onezana akipita, yule aliyegawa mkojo ndiye huyo. Hata hivyo alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Hakujitetea. Alishika mkono wangu bila kuomba ruhusa, akazungusha tepu kwenye kifundo, akaandika kwenye daftari alilokuja nalo kwapani, akaondoka. Saba na nusu. Saba na robo. Saba. Siku mbili hazikushuka, na niliona alivyobana meno. Sita na robo tatu.

Siku ya tisa akapima, akapima tena. Sita na robo. Akakaa kwenye sakafu pale pale, mwanamke mwenye mimba, kwenye sakafu ya wodi, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, wifi. Mihuri yote ile. Sikuwahi kuuliza hata mara moja wanatafuta nini."

Hasira yangu nilikuwa nimeiandalia maneno mengi. Yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyapanga usiku na mchana. Likatoka moja ambalo sikulipanga. "Na mimi nilicheka," nikasema.

Wifi aliporuhusiwa kuingia chumba cha joto aliingiza mkono kwenye dirisha dogo la lile sanduku la kioo wanamolazwa njiti, mkono umeoshwa mpaka umekunjamana, akampima binti yangu kifundo kwa uzi, kwa sababu tepu ilikuwa pana mno kwake. Akaulaza uzi juu ya tepu. Inchi mbili na nusu. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akauliza jina. Jina tulikuwa hatujampa, tuliogopa. Akafikiri kidogo, kisha juu ya ukurasa akaandika namba: 15.

Yeye mwenyewe alijifungua salama miezi mitatu baadaye. Kliniki zake zote zilizobaki alikaa mbele, mikono mitupu, akauliza maswali mpaka nesi wa miwani akamwomba awaachie na wenzake. Kadi yangu alikwenda nayo. Nesi alitaka kuifuta ile safi kwa wino mweupe, akamzuia. Palipigwa mstari mmoja, na pembeni pakaandikwa ukweli. Neno bado linasomeka chini yake.

Juzi binti yangu, miaka saba sasa, alikuja kupimwa sare. Anasoma kila kitu anachokiona, hata maboksi ya sabuni. Akainama juu ya daftari. "Shangazi, mbona mimi nimeandikwa kumi na tano? Mimi nina jina."

Chumbani kulikuwa na wateja watatu, mmoja wao ana tumbo. Ningependa angesema, "Nitakuambia ukikua." Wifi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto, akamweka mtoto juu ya meza ya kukatia na kumsimulia yote, choo, kichupa, kicheko changu, geti. Hakuruka kitu. Yule mwenye tumbo alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Wifi alipomaliza akavuta tepu, akazungusha kwenye ule mkono mdogo, akaandika chini ya vipimo vingine: inchi tano kasoro robo, na tarehe.